Padre, Monsinyori, Baba Askofu: Namna ya Kumwita Anayekuungamisha

Mwongozo huu ni kwa ajili ya Mkatoliki mfanyakazi: muuguzi wa zamu ya usiku, dereva wa lori, mwalimu, mlinzi, karani wa ofisi ya jimbo, msaidizi wa kazi za nyumbani aliye ughaibuni. Watu hawa huenda kuungama wakiwa na haraka, kati ya zamu moja na nyingine, na mara nyingi katika parokia wasiyoizoea, mbele ya mtu wasiyemjua jina wala cheo. Wengi hubabaika pale mwanzoni kabisa: nimwiteje huyu?

Jibu ni "Padre". Neno hilo linamtosha kila mtu mwenye mamlaka ya kukuondolea dhambi, kuanzia aliyepewa daraja mwezi uliopita hadi kardinali. Yanayofuata yanaeleza kwa nini linatosha, ni wapi adabu inataka zaidi kidogo, na ni wapi cheo cha mtu kinagusa jambo lenyewe na siyo salamu tu.

Cheo hakiongezi ondoleo

Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanoni ya 965, unasema mhudumu wa sakramenti ya kitubio ni padre peke yake. Maaskofu wamo humo. Askofu alipowekwa wakfu hakuuvua upadre wake, na kardinali hali kadhalika. Ondoleo analokupa askofu mkuu lina nguvu ileile ya lile unalopewa na paroko msaidizi chini ya mwembe wa kigangoni. Hakuna dhambi inayosafishika vizuri zaidi kwa kupelekwa juu, kama rufaa ya mahakamani. Wapo waumini wanaosubiri askofu aje kutoa Kipaimara ili waungame kwake "vizuri". Huo ni upotevu wa miezi.

Tofauti ya vyeo iko katika ruhusa. Padre wa kawaida anahitaji mamlaka ya kuungamisha, ambayo kwa kawaida hupewa na askofu wa mahali. Kardinali anayo popote duniani kwa sheria yenyewe, na askofu anaweza kuitumia popote isipokuwa askofu wa jimbo husika amkatalie kwa jambo fulani. Haya ni mambo yao. Wewe hukutumwa kukagua vibali. Na katika hatari ya kifo, kanoni ya 976 inafungua mlango wote: padre yeyote, hata aliyekwisha kuacha huduma, anaweza kumwondolea dhambi mtu anayekufa. Madereva na utingo walikumbuke hili. Katika ajali barabarani, yule mwalimu au mfanyabiashara mnayemjua kuwa zamani alikuwa padre anaweza kuitwa, na mwiteni "Padre" bila kujadili historia yake.

Tarehe 28 Machi 2014, katika ibada ya toba ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, Papa Fransisko alipiga magoti mbele ya kiti cha padre na kuungama yeye mwenyewe, kamera zikimwona, kabla ya kuketi kuwaungamisha wengine. Kwa dakika hizo, mwenye cheo cha juu kuliko wote ndiye aliyekuwa anayeungama, na aliyeketi alikuwa padre wa kawaida.

Zipo nafasi chache ambazo cheo kina kazi. Zamani, aliyetoa mimba au aliyeshiriki kuitoa aliweza kuambiwa kuwa jambo lake linahitaji askofu, au padre aliyekabidhiwa mamlaka na askofu, kwa sababu dhambi hiyo inaambatana na adhabu ya Kanisa. Wauguzi na wakunga wengi walibaki na mzigo huo kwa hofu ya kupandishwa ngazi hadi ofisini kwa askofu. Tarehe 20 Novemba 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote mamlaka ya kuiondoa dhambi hiyo. Kwa hiyo usimtafute askofu, nenda kwa padre aliye karibu. Zimebaki adhabu chache ambazo Makao ya Papa yamejiwekea, kama ile ya anayeinajisi Ekaristi au padre anayevunja siri ya maungamo. Hata katika hizo, anayeandika Roma ni padre, tena bila kutaja jina lako. Kazi yako inabaki ileile: kusema.

Wasioungamisha

Kabla ya kuuliza umwiteje, hakikisha unayemwendea anaweza kukuungamisha. Shemasi hawezi. Anabatiza, anahubiri, anasimamia ndoa na mazishi, lakini haondolei dhambi. Kwa kuwa huvaa mavazi yanayofanana na ya padre, mgeni hukosea kwa urahisi. Tazama stola: ya shemasi hupita begani kushoto na kukatiza kifuani kwa mshazari, ilhali ya padre huning'inia pande zote mbili kutoka shingoni, na katika kitubio huwa ya zambarau. Frateri, bruda, sista na katekista nao hawaungamishi, hata kama ndio waliokufundisha namna ya kuungama. Ukimwendea shemasi kwa bahati mbaya, mwite "Shemasi" na umwombe akuitie padre. Hatashangaa. Ameshaombwa hivyo mara nyingi.

Padre wa kila siku

Paroko, paroko msaidizi, dekano, gombera wa seminari, mkurugenzi wa idara ya jimbo, katibu wa askofu, hata makamu wa askofu akiwa padre: wote hawa, ndani ya kiti cha maungamo, ni "Padre". Nje, mtu akimwita paroko wake "Baba Paroko" anaonyesha heshima na mapenzi, na akijisahau akalitumia neno hilo ndani hakuna ubaya. Ila "Baba Paroko" ni jina la mwenye dhamana ya parokia: hesabu, ujenzi, ratiba, ugomvi wa kwaya. Ukiwa umekuja na dhambi zako, ni vizuri mambo hayo yabaki nje pamoja na viatu vya vumbi.

Umri huleta utata wake. Mzee wa miaka sabini anapiga magoti mbele ya kijana wa miaka thelathini, na ulimi unasita. Katika mila zetu mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa, na mapadre vijana wengi waliolelewa vizuri huwapa wazee shikamoo wanapokutana nje ya kanisa. Ndani ya kitubio shikamoo iache. Salamu inayofaa ni "Tumsifu Yesu Kristu", na jibu lake "Milele, amina". Yeyote anaweza kuanza, awe mkubwa au mdogo. Kijana akikuita "mama" au "mzee" huku wewe unamwita "Padre", kila mmoja amepewa haki yake na hakuna aliyeshushwa.

Pengine padre huyo ni ndugu yako wa damu. Katika familia nyingi za Kikatoliki, tangu siku ya upadrisho mama mzazi huanza kumwita mwanawe "Padre" hata jikoni, wala hakuna anayeona ajabu. Basi na wewe, ikitokea umeungama kwa mdogo wako au mpwa wako, tumia neno hilohilo. Usiseme "Joni" wala "mjomba". Kwa maoni yangu, hata hivyo, ndugu wa karibu si mtu wa kumwendea ikiwa kuna mwingine. Sheria inaruhusu, na kanoni ya 991 inampa kila muumini uhuru wa kuungama kwa padre anayemtaka, lakini dhambi za nyumbani zina watu wake, na yeye anawajua wote. Utajikuta unachuja maneno ili kumlinda shangazi.

Majina ya kisomi pia yabaki nje. Padre mwenye shahada ya uzamivu ni "Padre", siyo "Padre Daktari" wala "Profesa". Kwa mwanajeshi ni vivyo hivyo. Kenya ina jimbo la kijeshi, na makasisi wa jeshi huvaa vyeo mabegani. Askari anayempigia saluti nje na kumwita "Afande" akiingia kuungama amwite "Padre". Ukimwita afande humo ndani, utajikuta unatoa ripoti badala ya kuungama.

Padre akiwa ndiye bosi wako

Hapa ndipo wafanyakazi wengi hukwama, na sijaona mahali panapoeleza vya kutosha. Kanisa ni mwajiri mkubwa katika nchi zetu. Lina hospitali, shule, vyuo, redio, viwanda vya uchapaji, mashamba na nyumba za wageni. Maelfu ya watu hupokea mshahara uliosainiwa na padre. Mtu huyohuyo ambaye Jumatatu ni Mkuu wa Shule au Mkurugenzi wa Hospitali, Jumamosi jioni ameketi kwenye kiti cha maungamo. Je, mhasibu aliyechota fedha za ofisi aende kwake?

Kwanza ujue ulinzi ulionao. Siri ya maungamo haivunjiki, na kanoni ya 983 inakataza padre kumsaliti anayeungama kwa neno au kwa njia nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Anayeivunja moja kwa moja anatengwa na Kanisa papo hapo, na adhabu hiyo kuondolewa kwake ni hadi Roma. Watu wengi wanalijua hilo. Lisilojulikana sana ni kanoni ya 984, inayokwenda mbali zaidi: padre hawezi kuyatumia aliyoyasikia kwa namna yoyote itakayomdhuru aliyeungama, hata kama hakuna hatari ya siri kujulikana, na mwenye madaraka hawezi kuyatumia kabisa katika uongozi wake wa nje. Kwa lugha ya ofisini: aliyesikia kwenye kitubio kwamba unaiba hawezi kukufukuza, kukuhamisha, kukunyima likizo wala kukubadilishia ufunguo wa kasiki kwa sababu ya hilo. Anaporudi mezani kwake anapaswa kutenda kama asiyejua kitu.

Sasa fikiria mzigo unaomtwika. Mkuu wa shule anajua, na amefungwa mikono. Busara ya Kanisa imeliona hili: kanoni ya 985 inawataka walezi wa wanovisi na magombera wa seminari wasiwaungamishe wanafunzi wanaoishi nao nyumba moja, isipokuwa wanafunzi wenyewe waombe kwa hiari yao. Sheria hiyo inahusu nyumba za malezi. Haiwagusi watumishi wa hospitali, lakini mantiki yake inawafaa. Ushauri wangu ni huu: ukiwa na parokia nyingine ya kufikika kwa daladala au bodaboda, dhambi za kazini zipeleke huko. Ukiwa kijijini ambako padre ni mmoja na ndiye mwajiri, nenda kwake bila woga. Kiti chenye wavu kitumie kama kipo. Kanoni ya 964 inataka makanisa yawe navyo, na ni haki yako kuungama bila kuonekana uso.

Namna ya kumwita inasaidia sana katika hali hii. Usiseme "Mkurugenzi", "Mwalimu Mkuu" wala "Bosi" hata kwa utani. Neno "Padre" linamkumbusha yeye na wewe ameketi hapo kama nani. Na ikiwa dhambi yenyewe ni kumchukia yeye, sema: "Padre, nimemchukia kiongozi wangu kazini na nimemsengenya." Huna haja ya kutaja jina. Kanoni ya 979 inamzuia padre asiulize jina la aliyeshirikiana nawe katika dhambi, na kwa ujumla majina ya watu hayatakiwi katika maungamo. Ataelewa, bila shaka. Mwache aelewe kimya kimya.

Kosa jingine la wafanyakazi wa taasisi za Kanisa ni kukigeuza kitubio kuwa sanduku la maoni. Mtu anapiga magoti na kuanza: mshahara umechelewa, mhasibu ana upendeleo, chakula cha watumishi ni kibovu. Mbali na kwamba hizo ni dhambi za wengine, kuna tatizo la kisheria: ulichokisema humo ndani kwa nia ya kuungama padre hawezi kukibeba hadi kwenye kikao cha bodi. Ukitaka achukue hatua, mfuate ofisini, mwite kwa cheo chake cha ofisini, weka malalamiko kwa maandishi. Malalamiko yaliyokwisha kuingia kwenye kitubio yanatakiwa kuelezwa upya nje, kana kwamba hayajawahi kusemwa.

Na ukitaka kuendelea kuzungumza naye nje juu ya dhambi uliyoiungama, pengine kwa sababu unahitaji msaada wa kurudisha fedha, ni wewe unayepaswa kuufungua mlango. Yeye haruhusiwi kuanza. Sema waziwazi: "Padre, naomba nirudie lile nililolisema katika maungamo. Nakupa ruhusa tulizungumze." Bila maneno hayo, padre makini atakutazama kama mtu asiyeelewa unachosema, na usimkasirikie. Kuhusu fedha zenyewe, tegemea kuambiwa uzirudishe. Ondoleo halifuti deni, ila kurudisha kunaweza kupangwa kwa njia isiyokuanika.

Monsinyori na Abati

Monsinyori, kwa matumizi ya Tanzania na Kenya, ni padre aliyetunukiwa jina la heshima na Papa. Si daraja, wala hana uwezo wa ziada wa kisakramenti. Mwanzoni mwa mwaka 2014 Papa Fransisko aliamua kwamba kwa mapadre wa majimbo heshima hiyo itolewe kwa waliofikisha miaka 65, kwa hiyo wengi utakaokutana nao ni wazee. Mwite "Monsinyori" unapoanza, ukipenda, kisha endelea na "Padre". Abati, mkuu wa monasteri kama zile za Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda, huitwa "Baba Abati". Huvaa pete na msalaba kifuani, ndiyo maana wageni humdhania askofu.

Askofu na Kardinali

Mfanyakazi wa kawaida hukutana na askofu kwenye kitubio katika nyakati chache: siku za toba za Kwaresima mapadre wanapokusanyika kusaidiana, kwenye hija, au katika mikutano mikubwa ya waumini. Kule Namugongo, karibu na tarehe 3 Juni, mahujaji waliotembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania huungamishwa na yeyote aliyepo, na Subukia au Pugu mambo huwa vivyo hivyo siku za umati. Huwezi kujua aliyeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mti ni nani.

Ukitaka kutambua, angalia kikofia kidogo cha utosini: cha askofu ni zambarau, cha kardinali ni chekundu. Pete na msalaba wa kifuani navyo vinasaidia. Ukimtambua, sema "Baba Askofu". Basi. "Mhashamu" ni neno la barua, la matangazo na la mshereheshaji mwenye maikrofoni. Mtu anayesema "Mhashamu Baba Askofu Mkuu, nimesema uongo mara tano" ameanza na hotuba. Askofu msaidizi usimwite "Askofu Msaidizi" mbele ya uso wake, wala mstaafu usimkumbushe kuwa amestaafu. Wote ni "Baba Askofu". Askofu mkuu hali kadhalika, na ukiongeza "Mkuu" hutakuwa umekosea. Mkiendelea kuzungumza, "Baba" peke yake inatosha.

Kubusu pete ni desturi ya salamu nje. Usiifanye katika kitubio, hasa panapokuwa na msururu nyuma yako. Piga magoti au keti kama unavyofanya kwa padre yeyote.

Kardinali huitwa "Mwadhama" rasmi, heshima ambayo makardinali walipewa na Papa Urbano VIII mwaka 1630. Kwenye maandishi yetu neno Kardinali hukaa katikati ya jina: Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960 na kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza katika enzi zetu, au Mwadhama Maurice Kardinali Otunga wa Kenya, mwaka 1973. Katibu muhtasi anayeandaa barua au kadi ya mwaliko azingatie mpangilio huo, maana hapo kosa huonekana. Kwenye kitubio sema "Baba Kardinali", na kama ulimi umekauka kwa hofu, "Padre".

Nisisitize hili kwa wenye wasiwasi: kumwita askofu "Padre" hakuharibu sakramenti. Wala kumwita padre "Baba Askofu" kwa kumdhania hakumpandishi cheo. Akikurekebisha kwa tabasamu, sema "samahani, Padre" na uendelee na dhambi zako. Dhambi zenyewe ndizo zinazodai usahihi: kanoni ya 988 inataka dhambi kubwa zitajwe kwa aina na idadi.

Ukivuka mpaka

Dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Bujumbura, Kigali au Bukavu ajue kwamba neno "Monsinyori" huko halimaanishi mtu yuleyule. Wanaozungumza Kifaransa humwita askofu "Monseigneur", na Wanyarwanda na Warundi husema "Musenyeri". Kwa hiyo ukisikia huko "Musenyeri anaungamisha leo", aliyeketi ni askofu, siyo padre mzee mwenye heshima ya Papa kama ungedhani kwetu. Padre wa kawaida, kwa Kifaransa, ni "mon père". Ukiongea Kiswahili mashariki mwa Kongo, "Padri" inatosha. Nchini Kenya utasikia zaidi "Fada", na padre wa Kenya hatakuona wa ajabu ukisema "Padre".

Walioko Ghuba wana hali yao. Oman, Falme za Kiarabu na Yemen ziko chini ya Vikarieti ya Kitume ya Kusini mwa Arabia, yenye makao Abu Dhabi na iliyokabidhiwa Wakapuchini tangu zamani. Muscat kuna Parokia ya Watakatifu Petro na Paulo, mtaa wa Ruwi. Mapadre wengi huko hutoka India na nchi nyingine za mbali, na lugha ya kawaida ni Kiingereza, basi mwite "Father" kama wenzako wanavyomwita. Kiingereza kikikushinda, usiiache sakramenti. Kanoni ya 990 inaruhusu kuungama kupitia mkalimani, naye amefungwa na siri kama alivyofungwa padre. Chagua mkalimani asiyefanya kazi katika nyumba unayofanyia wewe. Unaweza pia kujifunza kwa moyo sentensi chache za Kiingereza za kutaja dhambi zako. Padre mgeni hakutegemei ueleze hadithi nzima, na hata kwa lugha yako mwenyewe hadithi nzima haitakiwi.

Msaidizi wa nyumbani aliyezuiwa kutoka, au anayepewa ruhusa mara chache mno, asijihukumu kwa kukosa kufika. Sheria inadai dhambi kubwa ziungamwe angalau mara moja kwa mwaka, na yale yasiyowezekana kabisa hayamfungi mtu. Siku akipata nafasi, aseme tu muda uliopita na sababu.

Namna ya kuanza na kumaliza

Ingia, fanya ishara ya msalaba, sema kwa sauti ya chini lakini inayosikika: "Unibariki, Padre, kwa kuwa nimekosa. Ni miezi minne tangu nilipoungama." Ongeza hali yako kwa maneno machache, kama padre hakujui: nina ndoa, nafanya kazi ya ulinzi. Hilo humsaidia kupima, kwa kuwa kulala kazini si jambo moja kwa mlinzi na kwa mshona viatu. Kisha dhambi. "Padre" uliyoisema mwanzoni imetosha, huna haja ya kuirudia kila sentensi kama karani wa mahakama anavyorudia "mheshimiwa". Atakupa ushauri na malipizi, utasali sala ya majuto, atatamka ondoleo, utajibu "Amina". Ukitoka sema "Asante, Padre." Usimsifu kwa mahubiri ya jana, wala usitumie nafasi hiyo kumkumbusha harusi ya mwanao.

Ukiwa na zamu zisizolingana na saa za parokia, omba nafasi. Padre hategemei uje kwa bahati. Ujumbe wa simu unatosha: "Tumsifu Yesu Kristu, Padre. Naomba kuungama. Natoka zamu Jumamosi saa mbili asubuhi, naweza kufika saa tatu." Kwa askofu usitume ujumbe wa namna hiyo kwa simu yake binafsi, pitia kwa katibu wake, na kwa ukweli muda mwingi utakuwa umeshapata padre kabla hujajibiwa. Usiandike dhambi kwenye ujumbe, wala usiombe kuungama kwa simu au kwa video. Waraka wa Vatikano wa mwaka 2002 kuhusu Kanisa na intaneti ulisema wazi kwamba hakuna sakramenti kwenye intaneti, na ujumbe ulioandikwa hubaki kwenye simu ambayo mtoto anaichezea. Padre akikujibu saa, fika mapema kidogo. Ukimkuta ameitwa kwa mgonjwa, mwachie katibu wa parokia neno kwamba ulikuja, bila kusema ulikuja kwa nini.